Kikulacho Ki Jikoni: Mwongozo Kamili wa Kusoma Riwaya za Upelelezi za Mji Mdogo na Mapishi

Mwanamke mkali aliyejitajirisha London anastaafu mapema, anahamia kijiji cha Carsely katika vilima vya Cotswolds, Uingereza, na anagundua kwamba hakuna anayemjali. Anatafuta njia ya mkato ya kujulikana: ataingia kwenye shindano la mapishi la kijiji. Tatizo ni kwamba hajui kupika. Basi ananunua pai ya mayai na spinachi kwenye duka moja London, anaiweka mezani kana kwamba imetoka kwenye oveni yake, na jaji wa shindano anakufa baada ya kuila.

Ndivyo inavyoanza *Agatha Raisin and the Quiche of Death* ya M. C. Beaton, iliyotoka mwaka 1992. Tazama mpangilio wa mambo. Kabla polisi hawajamjua aliyeua, kijiji kizima kimeshajua kwamba mgeni wao ni mwongo. Pai imetoa ushahidi mapema kuliko shahidi yeyote.

Wasomaji wengi wa riwaya hizi hufanya kinyume cha inavyotakiwa. Wakifika kwenye unga, siagi na mdalasini, macho yanakimbia kutafuta maiti. Kisha mwishoni wanalalamika kwamba muuaji ametokea hewani. Hakutokea hewani. Alikuwapo jikoni, kwenye aya zile zile walizoziruka. Mwongozo huu unahusu jambo hilo hasa: namna ya kulisoma jiko kama polisi wanavyolisoma eneo la tukio, na bado ukafurahia harufu yake.

Hatua ya 1: Jua masharti ya mchezo

Kila tawi la fasihi ya upelelezi lina makubaliano yake na msomaji, na ya tawi hili ni haya. Mauaji yapo, ila hufanyika pembeni; mara nyingi tunamkuta mtu ameshakufa. Damu haitapakai ukurasani, mapenzi yanaishia mlangoni, na matusi ni haba. Mpelelezi si polisi wala si mtu wa kulipwa kwa kazi hiyo: ni mwokaji, mwenye mgahawa, mjane mdadisi, au binti aliyerudi kwao baada ya maisha ya jiji kumshinda. Mahali ni padogo kiasi kwamba watu wanajuana hadi kwa sauti za magari yao. Na mwishoni muuaji lazima ajulikane, bila maswali ya kuning'inia.

Kama unatafuta hofu ya kukukosesha usingizi, hapa sipo. Si kasoro ya riwaya hizi. Ni kazi ambayo hazikukubali kuifanya.

Mizizi yake mikuu iko kwa Agatha Christie. Mwaka 1930 alitoa *The Murder at the Vicarage*, riwaya ya kwanza ya Miss Marple, bibi wa kijiji cha kubuni cha St. Mary Mead. Silaha ya bibi huyu ni moja tu: akimwona mtu mgeni, anamkumbuka mtu wa kijijini kwake aliyekuwa na tabia kama hiyo, na kwa hapo anajua atakachofanya. Msomaji wa Kiswahili aliyekua na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* ya mwaka 1960, hatajiona mgeni mbele ya mpelelezi asiye polisi anayetegemea kusikiliza na kufikiri.

Chakula kiliingia taratibu. Rex Stout, ambaye riwaya zake ni kali kidogo kuliko hizi, aliweka mapishi ndani ya *Too Many Cooks* mwaka 1938. Mwaka 1982 Virginia Rich alitoa *The Cooking School Murders*, na mwaka 1990 Diane Mott Davidson akaja na mpishi wa shughuli, Goldy, katika *Catering to Nobody*. Kuanzia hapo jiko likawa tawi kamili. Mashabiki wana mkutano wao wa kila mwaka, Malice Domestic, ulioanza mwaka 1989 katika jimbo la Maryland, Marekani, na tuzo wanayoitoa hapo huitwa Agatha. Mshindi hapewi kombe. Anapewa birika la chai.

Hatua ya 2: Chagua kwa jiko, usichague kwa jalada

Majalada ya vitabu hivi yanafanana mno: paka, keki, dirisha lenye maua, na pembeni kidogo kisu au fuvu. Hayakuambii kitu. Kinachokuambia ni aina ya jiko, kwa sababu kila jiko linampa mpelelezi njia tofauti ya kuwafikia watu. Hili ndilo jambo ninalolitazama kwanza kwenye maelezo ya nyuma ya kitabu.

Duka la mikate na keki ni kituo cha habari. Mwenye duka anaamka kabla ya mji, kwa hiyo anaona nani anapita gizani na gari la nani halikulala nyumbani. Kisha mchana watu wote wanapita kwake, mmoja mmoja, na kila mmoja anaacha neno. Mfano unaojulikana zaidi ni Hannah Swensen wa Joanne Fluke, mwenye duka la biskuti liitwalo The Cookie Jar katika mji wa kubuni wa Lake Eden, Minnesota. Kwenye kitabu cha kwanza, cha mwaka 2000, mpeleka maziwa anakutwa amekufa ndani ya gari lake nyuma ya duka. Shemeji yake Hannah ni polisi, naye anamwomba atege masikio. Huo ndio ufundi wenyewe: mtu mwenye kitambaa cha jikoni anasikia mambo ambayo mtu mwenye bunduki kiunoni hataambiwa.

Mpishi wa shughuli ana kitu kingine, nacho ni ruhusa ya kuingia majumbani. Anapita mlango wa nyuma, anaona friji ya mwenye nyumba, anasikia ugomvi ukutani, halafu anarudi sebuleni na sahani huku watu wakimwona kama fanicha. Goldy wa Davidson ni wa kundi hili. Hatari yake pia ni ya peke yake, kwa maana sumu ikionekana kwenye shughuli aliyoiandaa, biashara yake inafungwa siku hiyo hiyo. Ukipenda hadithi ambamo mpelelezi ana sababu ya kweli ya kuingilia kazi ya polisi, anza hapa. Kuokoa riziki ni sababu nzito kuliko udadisi.

Duka la chai au kahawa ni la watu wa mazungumzo marefu. Matukio yanakwenda polepole na mandhari inatawala. Laura Childs alianza mfululizo wake wa duka la chai mwaka 2001 na *Death by Darjeeling*, akauweka Charleston, South Carolina. Charleston si mji mdogo, lakini mtaa wa kale anaousimulia unajiendesha kama kijiji, na hilo linatosha. Usibabaishwe na idadi ya watu. Kinachotakiwa ni watu wasioweza kukwepana.

Mgahawa wa familia ndio ninaoupendekeza kwa anayeanza leo, kwa sababu humo washukiwa na wapendwa wanakaa meza moja. *Arsenic and Adobo* ya Mia P. Manansala, ya mwaka 2021, inamrudisha Lila Macapagal katika mji wa Shady Palms, Illinois, kwenye mgahawa wa Kifilipino wa shangazi yake. Mpenzi wake wa zamani, ambaye sasa ni mhakiki wa vyakula mwenye ulimi wa sumu, anaanguka akiwa mezani na kufa. Kuna shangazi, kuna bibi, kuna mama wa ubatizo watatu wenye maneno mengi, na wote wana maoni kuhusu namna ya kuchunguza mauaji. Humo chakula kimebeba historia ya watu, na uchungu wa kuonewa kwa sababu ya chakula chako unaeleweka bila hotuba.

Mashindano ya mapishi ni aina ya mwisho. Humo hakuna la kueleza: wivu upo tayari mezani, umepangwa kwa namba.

Ukitafuta kwenye maktaba au maduka ya vitabu ya intaneti, tumia jina linalotumiwa na wachapishaji, *cozy mystery*, kisha ongeza *culinary*. Bila neno la pili utaletewa pia wenye maduka ya nyuzi, ya maua na ya vitabu.

Hatua ya 3: Ingia mfululizo kwa mlango wake

Vitabu hivi huja kwa misururu mirefu. Wa Hannah Swensen umepita vitabu ishirini kitambo. Kesi ya kila kitabu hufungwa humo humo, kwa hiyo unaweza kuanza popote na usipotee. Lakini anza na cha kwanza. Kitabu cha tano kitakutajia bila aibu kwamba fulani yuko gerezani, na hapo umeshapoteza kitabu cha pili.

Kama cha kwanza hakikukushika, jaribu cha tatu kabla ya kukata tamaa. Waandishi wengi huhitaji vitabu viwili kuuzoea mji wao wenyewe.

Hatua ya 4: Chora mji na uwaorodheshe watu

Chukua karatasi. Weka jiko katikati, kisha uweke kila mahali panapotajwa: kituo cha polisi, kanisa, nyumba ya marehemu, njia ya nyuma. Huhitaji uzuri wala vipimo. Unachotafuta ni nani anaweza kufika wapi bila kuonekana, na kwa muda gani.

Pembeni andika watu, na mbele ya kila mmoja andika anachotaka. Usiandike alivyo, andika anachotaka. Miji hii ina wahusika wanaojirudia: mjenzi anayetaka kununua mtaa mzima, mwenye mgahawa mpinzani, mmbea, polisi mtanashati, mrithi aliyerudi ghafla, mtu mwema anayesaidia kila shughuli. Ukiwaandika kwa sura na umri watakuchanganya. Ukiwaandika kwa matamanio yao, wawili watatu watajitenga wenyewe.

Yule mwema mtazame kwa macho mawili. Kikulacho ki nguoni mwako, na waandishi wa riwaya hizi wanaishi kwa methali hiyo hata kama hawajawahi kuisikia. Mji mdogo hauna wageni wa kutosha wa kusingiziwa. Mgeni akiletwa, mara nyingi ameletwa ili tumshuku bure.

Marehemu naye asipite hivi hivi. Kwa kawaida ni mtu aliyechukiwa na wengi, kwa sababu mwandishi anahitaji washukiwa. Kazi yako ni kutenganisha chuki za zamani na chuki mpya. Aliyemchukia kwa miaka ishirini bila kumuua anahitaji sababu mpya ya kumuua wiki hii. Jiulize nini kimebadilika mjini siku chache kabla ya kifo: wosia, ndoa, mauzo ya kiwanja, mtu aliyerudi, pishi lililogunduliwa kuwa la wizi.

Hatua ya 5: Soma sahani kama ushahidi

Hapa usiwe na haraka. Kila chakula kinapotokea kwenye hadithi, kiulize maswali matatu: nani alikigusa, kililiwa saa ngapi, na nani alikusudiwa kukila? La tatu ndilo linalosahaulika zaidi, nalo ndilo linalogeuza kesi nyingi. Sahani zilibadilishwa, mgeni aliyekusudiwa hakuja, au mtu alikula masalio ambayo hayakuwa yake. Kama marehemu hakuwa mlengwa, orodha yako nzima ya waliomchukia haina kazi.

Swali la pili, la wakati, linahitaji ujuzi kidogo wa sumu, na waandishi wazuri wanautumia kwa makini. Sayanidi huua kwa dakika chache, kwa hiyo tunatazama waliokuwapo mezani. Ina harufu ya lozi chungu, lakini si watu wote wanaoweza kuinusa. Ni suala la urithi. Mhusika akisema hakunusa kitu, huenda hasemi uongo. Strikinini ni chungu mno, kwa hiyo mwandishi analazimika kuificha kwenye kitu kikali kama kahawa nzito. Ukiona mtu analalamika kwamba kahawa yake ni chungu leo, usiichukulie kama porojo. Arseniki karibu haina ladha, na dalili zake, kutapika na kuhara, zinafanana na ugonjwa wa kawaida wa tumbo. Ndiyo maana iliwasumbua mahakimu hadi mwaka 1836, mkemia Mwingereza James Marsh alipochapisha kipimo cha kuitambua. Uyoga wa kifo, ule unaofanana na uyoga wa kuliwa, una hila kubwa zaidi: dalili huchelewa saa sita na zaidi, mgonjwa huonekana kupata nafuu, kisha ini linaharibika siku zinazofuata. Kwenye kesi ya uyoga, aliyepika chakula cha leo anaweza kuwa hana hatia kabisa. Rudi kwenye chakula cha jana.

Christie aliyajua haya kwa mikono yake. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alifanya kazi kwenye chumba cha dawa cha hospitali huko Torquay, na riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1920, inahusu sumu. Na mwaka 1929 padri Ronald Knox, naye mwandishi wa upelelezi, alitoa amri kumi za mchezo huu. Ya nne inakataza sumu ambayo haijagunduliwa bado. Sheria hiyo inakusaidia: sumu yoyote itakayotumika ni ya kweli, ina muda wake na dalili zake, na unaweza kumhoji mwandishi kwa hizo.

Siku hizi sumu nyingi zimebadilishwa na mzio. Karanga kidogo kwenye mchuzi zinatosha, na muuaji hahitaji duka la dawa. Kwa hiyo mhusika akikataa kitafunio mapema kwenye kitabu na kueleza kwa nini, liandike hilo kwenye karatasi yako pamoja na majina ya wote waliokuwapo wakisikia.

Lakini hata pale mtu anapopigwa risasi au kusukumwa ngazini, jiko bado linaongea, kwa sababu kupika kuna saa yake. Keki iliyo moto saa moja asubuhi inamaanisha kuna mtu aliyekuwa jikoni kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Donge la mkate lililoumuka likapita kiasi na kunywea ndani ya bakuli linasema mwokaji aliondoka zamani, na hakupanga kuondoka; mwokaji hatupi donge lake kwa hiari. Aiskrimu iliyoyeyuka juu ya kaunta, kikaango kilichooshwa katikati ya sinki lililojaa vyombo vichafu, aproni isiyo kwenye msumari wake: haya si mapambo. Kikaango kile hasa. Mtu anayeosha chombo kimoja na kuacha kumi ana sababu.

Kisha kuna maana za kijamii, na hapa ndipo waandishi wenye kipaji wanapojitenga na wengine. Nani anakula kwa nani? Nani anapeleka chakula kwa wafiwa, na nani anapeleka mapema mno? Nani aliyekuwa akila kila kitu na leo hagusi? Mpelelezi wetu anapotaka kuingia nyumba ya mshukiwa hubeba sahani, kwa kuwa hakuna anayemfungia mlango mtu mwenye pai mkononi. Mtu akiweza kumfungia, tayari amejibu swali.

Usisahau pishi la siri. Pishi lililoibwa, lililonunuliwa, au lililodaiwa kuwa la bibi kumbe limetoka nyuma ya pakiti, ni sababu ya kuua inayochekesha ukiwa nje ya mji na isiyochekesha hata kidogo ukiwa ndani. Heshima ya mtu ikiwa imejengwa juu ya keki moja kwa miaka thelathini, anayejua ukweli wa keki hiyo yuko hatarini.

Hatua ya 6: Funga kitabu mwiko unaposimama

Kuna wakati, kwa kawaida ukiwa umebakiza kama robo ya kitabu, mpelelezi anakoroga kitu kwa mwiko huku akiwaza mengine, halafu ghafla anaganda. Ameelewa. Mwandishi hakuambii alichoelewa. Anamvalisha koti na kumtoa mbio.

Funga kitabu hapo hapo. Huo ndio wakati ambao mwandishi mwaminifu ameshakupa kila dalili. Waandishi waliotumia jina la Ellery Queen, kuanzia riwaya yao ya kwanza ya mwaka 1929, walikuwa wakisimamisha hadithi na kumtangazia msomaji rasmi kwamba sasa ana kila anachohitaji. Wa leo hawatangazi, ila mwiko uliosimama ni tangazo tosha.

Rudi kwenye karatasi yako, andika jina moja na sababu moja. Ukikwama, soma upya mandhari ya chakula yaliyotangulia, hasa yale yenye watu wengi. Mwandishi anapotaka kukupoteza maboya huficha dalili katikati ya orodha: mtu anataja iliki, vanila, kitambaa kilichopotea, na sukari, jicho linashika utamu na kuacha kitambaa. Tazama pia mazungumzo yanayokatizwa na king'ora cha oveni. Alichotaka kusema mtu kabla ya king'ora kulia kwa kawaida ndicho kilichohitajika.

Kukosea si aibu. Aibu ni ya mwandishi, kama jibu lake lilitegemea jambo ambalo hakukuonyesha.

Hatua ya 7: Mapishi yenyewe

Kwanza onyo. Mapishi mara nyingi hukaa mwishoni mwa kitabu, na anayekimbilia huko mapema hujikuta kwenye ukurasa wa mwisho wa hadithi, jina la muuaji likimtazama. Fluke huyapanga katikati ya sura, jambo lenye usalama zaidi kwa msomaji mwenye njaa. Kwa vingine, subiri.

Ukiamua kupika, jua kwamba vitabu vingi vya aina hii vimeandikwa Marekani na vipimo vyake ni vya huko. Kikombe cha Kimarekani kina takriban mililita 240. Kikombe kimoja cha unga wa ngano ni kama gramu 120 hadi 125, na cha sukari nyeupe kama gramu 200. Wakisema kijiti kimoja cha siagi wanamaanisha gramu 113. Joto la oveni limeandikwa kwa Farenhaiti: 350 ni kama 177 za Selsiasi, 375 ni kama 190, na 400 ni kama 204. Kosea hapo na biskuti zitageuka mkaa.

Pima unga kwa mizani kama unayo. Ukishindilia unga kwenye kikombe unaweza kuzidisha sana bila kujua, na keki itatoka ngumu ukamlaumu mwandishi bure. Ingawa si bure kila mara: hawa ni watunzi kwanza na wapishi baadaye, na baadhi ya mapishi yao yana sukari ya kutosha kuwa kesi nyingine. Mara ya kwanza fuata walivyoandika, ya pili punguza.

Wapo wanaopika kabla ya kusoma ili wale huku wakisoma. Mimi naona ni vizuri zaidi kupika baada ya kumaliza, ukishajua pishi hilo lilifanya nini kwenye hadithi.

Hatua ya 8: Samehe haya, haya usisamehe

Samehe idadi ya maiti. Tamthilia ya televisheni *Murder, She Wrote* iliyorushwa kuanzia 1984 hadi 1996 ilikuwa na mji wa kubuni wa Cabot Cove, Maine, walimouawa watu wengi kiasi kwamba jina lake limekuwa utani wa kudumu kuhusu miji midogo yenye vifo vingi. Bila hiyo hakuna mfululizo. Samehe pia polisi wanaompa mwokaji siri za uchunguzi juu ya kikombe cha kahawa, na duka linaloendelea kupata faida wakati mwenyewe hayupo.

Usisamehe muuaji anayekiri kila kitu kwa hotuba ndefu huku hakuna dalili hata moja iliyotufikisha kwake. Usisamehe mpelelezi anayeacha simu nyumbani na kwenda usiku peke yake kumkabili mtu anayemjua kuwa ni muuaji. Likitokea mara moja ni udhaifu wa kibinadamu, likijirudia kila kitabu ni uvivu wa mwandishi. Na usisamehe mji usio na kumbukumbu. Kama mtu aliuawa kwenye kitabu cha pili na kwenye cha tatu hakuna anayemtaja, hata mjane wake anacheka kwenye tamasha la maboga, mji huo ni karatasi tupu.

Mapenzi ya pembe tatu yana muda wake wa kuharibika. Mwanamke asiyeweza kuchagua kati ya polisi na daktari wa meno anapendeza kwa vitabu vitatu au vinne. Baada ya hapo unasoma kwa mazoea.

Hatua ya 9: Soma mara ya pili, au achana nacho

Ukimaliza kitabu kilichokushinda, rudia kurasa hamsini za kwanza siku hiyo hiyo kabla hujasahau. Tazama muuaji alipoingia mara ya kwanza na alikuwa na nini mkononi. Kwenye kitabu kizuri utakuta alijionyesha, pengine zaidi ya mara moja, na kila mara kulikuwa na kitu kitamu mbele yako. Mafunzo ya kugundua dalili yanapatikana hapa kuliko kwenye kitabu kipya.

Kama kurasa hizo hamsini hazikukuonyesha chochote, mwandishi hakucheza kwa haki. Mpe kitabu kimoja zaidi, si viwili. Kikiwa vile vile, nakili pishi ulilolipenda, ukirudishe kitabu maktaba, na utafute mji mwingine.